Gari-Nyumba na Mbwa wa Safari

Barabara ipitayo hapa Kolo si barabara ya kutufikisha Kondoa na Babati tu. Ni kipande cha njia ile ndefu iitwayo tangu zamani Barabara Kuu ya Kaskazini, itokayo Cape Town kwenye kusini ya Afrika na kwenda hadi Cairo katika Misri. Lami ya kutoka Dodoma mpaka Babati, urefu wa kilometa 251, ilizinduliwa mwezi wa Julai 2018. Malori, mabasi na bodaboda huitumia kila siku. Lakini wapo pia wasafiri wa namna nyingine ambao wanafunzi hupenda sana kuuliza habari zao, nao ni wale waishio ndani ya magari yao. Gari lina kitanda, jiko na tangi la maji. Juu ya paa kuna paneli ya umeme wa jua. Na mara nyingine dirishani hutokeza kichwa cha mbwa.

Darasani nimeulizwa: Je, maisha hayo ni ya raha? Watu hao hupitaje pwani na milimani wakiwa na nyumba yao? Na mbwa ni wa kazi gani? Katika somo hili nitajaribu kujibu kwa msaada wa jiografia, fizikia, hesabu na elimu ya viumbe, maana safari moja huyatumia masomo yote hayo. Lakini nataka msomaji ashike neno moja tangu mwanzo. Nyumba yenye magurudumu huondoka asubuhi, na yale iliyoyaacha hubaki kwa wenyeji. Katika yote yanayoweza kubaki, la hatari kupita mengine ni lile litokalo kinywani mwa mbwa asiyechanjwa.

ASILI YA NYUMBA ZA MAGURUDUMU

Kulala ndani ya chombo cha safari si jambo jipya. Makaburu wa Afrika Kusini walihama na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakilala humo wao na watoto wao. Lakini mtu anayetajwa sana kuwa wa kwanza kutengenezewa nyumba ya magurudumu kwa ajili ya matembezi tu ni Dakta William Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari wa jeshi la majini na mwandishi wa vitabu vya vijana. Mwaka 1885 alisafiri toka kusini ya Uingereza mpaka Inverness katika Uskoti, kiasi cha maili 1,300, kwa gari lililokokotwa na farasi wawili. Gari hilo aliliita Wanderer, yaani Mtembezi. Alikuwa na watumishi wawili, kasuku mmoja, na mbwa mkubwa wa aina ya Newfoundland jina lake Hurricane Bob. Kwa hiyo tangu mwanzo wa mambo haya mbwa alikuwamo.

Kwa upande wa magari ya injini, pwani yetu ina sehemu yake katika historia. Mwezi wa Agosti 1907, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, mwezi wa Mei 1909. Safari ambayo leo ndege huifanya kwa saa chache ilimchukua karibu miaka miwili, kwa sababu barabara hazikuwako. Kisha mwezi wa Septemba 1924 Chaplin Court Treatt, mkewe Stella na wenzao waliondoka Cape Town na magari mawili ya Crossley, wakafika Cairo mwezi wa Januari 1926. Walitumia miezi 16. Hawa hawakwenda kwa kustarehe. Mahali pengi walikata miti na kuvusha magari mitoni kwa kamba.

Mwaka 1960 mwandishi wa Marekani, John Steinbeck, alijengewa chumba juu ya gari la mizigo akaizunguka nchi yake pamoja na mbwa wake Charley. Habari za safari hiyo alizitoa katika kitabu mwaka 1962. Nitamrudia baadaye, kwa kuwa mambo mawili aliyoyasimulia yanatufaa katika somo hili.

Na mbwa ana kazi gani? Ya kwanza ni ulinzi, ya pili ni uenzi. Dakta Mary Leakey, ambaye mwaka 1951 alipiga kambi katika wilaya yetu ya Kondoa kwa kazi ya kunakili michoro ya miambani, alikuwa mpenzi mkubwa wa mbwa weupe wenye madoa meusi waitwao Dalmatian. Siku ya tarehe 17 Julai 1959, alipoliona fuvu mashuhuri la Zinjanthropus kule Oldupai, mumewe alikuwa amelala kambini na homa. Waliokuwa naye bondeni walikuwa mbwa wake wawili. Mtu anayekaa miezi nyikani hujifunza kuyategemea masikio na pua ya mbwa kuliko yake mwenyewe.

PWANI, NYIKA NA MILIMA

Tuchukue mzunguko mmoja ndani ya nchi yetu. Msafiri aanze Dar es Salaam, apite Morogoro na Dodoma, afike hapa Kolo, aendelee Babati, Arusha na Moshi, apande Lushoto katika milima ya Usambara, kisha ateremke Tanga. Hiyo ni zaidi ya kilometa 1,300. Katika mzunguko huo atakutana na nchi tatu zilizo mbali kwa tabia.

Pwani, adui wa gari ni chumvi na maji. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Gari lililolala wiki mbili ufukweni yafaa lioshwe chini kwa maji baridi. Tena msafiri hana budi kujua habari za maji kujaa na kupwa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja, na baina ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kina katika pwani yetu hupita meta 3. Mtu akiegesha jioni kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yamekupwa, huenda akaamshwa usiku wa manane na mawimbi yakigonga mlango. Mvuvi yeyote wa Pangani angemwambia, laiti angaliuliza.

Katika nyika ya kati, adui ni jua, vumbi na uchache wa maji. Mvua zetu huja kwa msimu mmoja, kwa kawaida toka Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi mingine korongo huwa kavu, nalo hufanana na uwanja mzuri wa kulala. Asilale humo wakati wa masika! Mvua yaweza kunyesha milimani mbali, na mafuriko yakafika korongoni chini ya mbingu isiyo na wingu.

Milimani, adui ni mteremko na hewa nyembamba. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila upandapo meta 1,000. Tanga ikiwa na nyuzi 31, Lushoto, iliyo kiasi cha meta 1,400 juu ya bahari, twaweza kukadiria kuwa na nyuzi 22. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000, kwa kuwa inapata oksijeni pungufu. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 95 tu mahali pa meta 1,400, na ndiyo maana maharage huko huchelewa kuiva. Kushuka ni hatari kuliko kupanda. Gari-nyumba ni zito, na dereva akishikilia breki njia nzima toka Lushoto hadi Mombo, breki hupata moto na kuacha kushika. Ashuke kwa gia ileile ambayo angaliitumia kupanda, injini imzuie.

HESABU YA MZIGO

Wengi hudhani kwamba mwenye gari-nyumba huchukua apendacho. Sivyo. Kila gari lina kiwango cha uzito, na maji ndiyo mzigo mkubwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu mmoja hutumia kwa uchache lita 10 kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa. Mbwa wa kilo 25 huhitaji kiasi cha mililita 60 kwa kila kilo ya mwili wake, yaani lita 1.5 kwa siku. Katika joto kali huongezeka hata mara mbili, lita 3. Basi watu wawili na mbwa mmoja hutumia lita 23 kwa siku, na kwa siku 4 ni lita 92. Hizo ni kilo 92, sawa na gunia la mahindi. Tangi hilo liwekwe chini, karibu na katikati ya gari. Likiwekwa juu ya paa, kitovu cha uzito hupanda, na gari huwa jepesi kupinduka kwenye kona.

Mtu akiyajua hayo huacha nyumbani vitu vingi alivyodhani hawezi kuishi bila hivyo. Hili ni fundisho moja la safari hizi ambalo halina hasara kwa mtu yeyote.

MBWA NA TAABU ZAKE

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Kwa hiyo hewa inayomzunguka ikiwa ya moto na nzito, hana pa kukimbilia. Gari lililofungwa vioo juani huongezeka joto kiasi cha nyuzi 10 kwa dakika 10 tu, na kwa saa moja hupita nyuzi 20. Siku ya Dodoma yenye nyuzi 30, ndani ya gari huwa zaidi ya nyuzi 50. Mbwa aliyeachwa humo wakati bwana wake ananunua nyanya sokoni aweza kukutwa amekufa. Kuacha upenyo mdogo wa dirisha hakumwokoi.

Taabu ya pili ni mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo. Wao huvutwa na kitu kikubwa kinachokwenda, hata gari, na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mwaka 1895 Dakta David Bruce, akiwa Zululand, aligundua kwamba ugonjwa wa nagana hutokana na vijidudu vilivyomo katika damu, navyo huchukuliwa na mbung'o. Sisi twaufikiria kuwa ugonjwa wa ng'ombe, lakini mbwa huumwa pia, na huumwa vibaya. Hupata homa, hukonda, na mara nyingi macho yake huwa na utando mweupe. Asipotibiwa mapema hufa.

Taabu ya tatu ni kupe, ambao huambukiza mbwa homa mbalimbali. Kila jioni mbwa apapaswe mwili mzima, hasa masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Kazi hiyo haichukui dakika 10.

KICHAA CHA MBWA

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vikaavyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kuumwa, na pengine kwa kurambwa penye jeraha. Virusi hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Kwa hiyo baina ya kuumwa na kuugua hupita kwa kawaida majuma au miezi. Dalili zikisha kuonekana, kwa mtu na kwa mbwa, kifo ni karibu hakika. Inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi mno katika Asia na Afrika, na zaidi ya 99 katika kila 100 waliambukizwa na mbwa. Waumwao na wanyama wanaoshukiwa, karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Yaani ni nyinyi na wadogo zenu.

Fikirini basi juu ya yale majuma ya kungoja. Mbwa wa kijijini anayetembea kwa miguu haendi mbali. Mbwa wa gari-nyumba aumwe na bweha au na mbwa mwingine leo mahali fulani, juma lijalo yuko Babati, na mwezi ujao yuko ufukweni Pangani akicheza na watoto, naye bado anaonekana mzima. Magurudumu yameubeba ugonjwa mamia ya kilometa, mahali ambapo wenyewe usingefika kwa haraka hiyo.

Jambo hili si la kubuni. Kisiwa cha Pemba kilikuwa kimeumaliza ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 ukaonekana tena. Watafiti walipochunguza vinasaba vya virusi waliona kwamba ulikuwa umeingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Mbwa hawezi kuogelea mkondo wa Pemba. Alivushwa na chombo cha mtu. Ilibidi kazi ya kuchanja ifanywe tena mpaka ugonjwa ukakomeshwa mwaka 2018. Wapemba waliulipia uzembe wa kupakia mbwa bila kuuliza.

Dawa ya kinga ilianza kutumiwa kwa mtu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Tazama kwamba ni mwaka uleule Dakta Stables aliotoka na gari lake na mbwa wake. Tangu siku ile hakuna sababu ya kumsafirisha mbwa bila hadhari. Mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu, kisha hurudiwa kama mganga wa mifugo atakavyoagiza. Mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa na kuendelea kuchanjwa, ugonjwa hukosa njia ukafa.

Mtu akiumwa, aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo apate chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Asipake majivu wala mafuta. Maji na sabuni viko katika kila nyumba ya Kolo, na jambo hili dogo limeokoa maisha ya watu wengi.

Wanyama wa porini nao hudhurika. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine uitwao distempa, ambao ni wa mbwa, uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi ya simba wote, wapatao 1,000. Wataalamu waliuhusisha na mbwa wa kufugwa wa pembezoni mwa hifadhi. Kwa sababu za namna hii, na kwa kuwa mbwa huwashtua wanyama, mbwa wa kufugwa haruhusiwi katika hifadhi zetu za taifa. Basi msafiri mwenye mbwa ajue kabla ya kuondoka kwamba Tarangire, Ziwa Manyara, Kilimanjaro, hata Saadani iliyoko baharini, zote zimefungwa kwake, isipokuwa akimwacha mbwa kwa mtu mwaminifu nje. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kuwa na mbwa safarini, nayo si ya fedha.

HATI NA MIPAKA

Steinbeck anasimulia kwamba alipotaka kupita Kanada karibu na maporomoko ya Niagara, ofisa wa mpakani alimwuliza kama mbwa wake alikuwa na hati ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuwa nayo. Ofisa alimwonya kwamba bila hati hiyo hataruhusiwa kumrudisha mbwa Marekani, hata ikambidi kugeuza gari. Tena anaeleza kwamba alipoingia katika hifadhi ya Yellowstone, Charley, ambaye ni mbwa mpole, aliwaona dubu akapandwa na hasira isiyosemeka, na Steinbeck akalazimika kutoka. Mambo mawili, hati na hifadhi, yalimpata mwandishi mashuhuri katika nchi yake mwenyewe. Yatampata kila mtu.

Siku hizi mbwa wa kuvuka mipaka huwekewa chini ya ngozi kipande kidogo cha utambulisho chenye namba ya tarakimu 15, kisha huchanjwa, kisha hupewa cheti cha afya na mganga wa mifugo wa serikali. Nchi nyingi hutaka pia kibali kiombwe kabla ya kufika. Umoja wa Ulaya una sharti zito zaidi kwa mbwa atokaye nchi kama zetu: damu yake hupimwa siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, kisha hungoja miezi 3 kabla ya kuingia. Kwa hiyo tangu chanjo hadi mlangoni mwa Ulaya ni miezi 4. Mwenye mbwa wa Ulaya mwenye busara humpima damu kabla hajatoka kwao, ili asije akakwama njiani wakati wa kurudi. Uingereza, mpaka mwaka 2000, iliwafungia karibu mbwa wote watokao nje kwa miezi 6.

Gari nalo lina hati yake: kitabu cha forodha ambacho ni dhamana kwamba gari litatoka tena na halitauzwa nchini bila ushuru. Wenye gari huikumbuka hati hii. Ya mbwa ndiyo husahauliwa.

ADABU ZA UGENINI

Yako mambo ambayo hayamo katika hati yoyote. Hapa Kolo na katika pwani yote Waislamu ni wengi. Kwa mafundisho ya madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wenyeji hawamchukii mbwa. Wengi wanao wa kulinda mifugo na mashamba. Lakini mgeni asimwache mbwa wake akaramba ndoo kisimani, wala akatembea juu ya mkeka wa kuswalia, halafu akashangaa kuona watu wamenuna. Amfunge kamba, aulize kwanza, naye atapewa mahali.

Hali kadhalika michoro yetu ya miambani, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lake ni kilometa za mraba 2,336, na pango la Mungomi wa Kolo hata leo ni mahali pa matambiko kwa baadhi ya wazee. Mgeni apite kwanza ofisi ya mambo ya kale, aende na kiongozi, na mbwa abaki chini kivulini na mtu wa kumtazama. Asiguse michoro, wala asiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, kwani maji huiharibu. Michoro hiyo imekaa miaka mingi kuliko taifa lolote la leo. Haifai iharibiwe na mtu wa usiku mmoja.

Tena maji ya kuoshea vyombo na taka za choo zisimwagwe karibu na kisima au mto, na kinyesi cha mbwa kizikwe, kwa kuwa hubeba mayai ya minyoo yanayoweza kumdhuru mtu na mifugo.

NENO KWA WANAFUNZI

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba mgeni mwema huleta heri katika nyumba anayoifikia. Nasi wenyeji tuna wajibu wetu. Mkiliona gari-nyumba limesimama, salimieni kwa heshima, wala msiombe pipi. Msimguse mbwa msiyemjua, hata akitikisa mkia. Si utovu wa adabu kumwuliza mwenyewe, "Je, mbwa wako amechanjwa?" Msafiri wa kweli atafurahi kulisikia swali hilo na atawaonyesha cheti. Na siku ya kuchanja mbwa itakapotangazwa kijijini, mpelekeni wa kwenu. Hatuwezi kumdai mgeni lile ambalo sisi wenyewe hatulitendi.

Mimi siamini kwamba kuishi miaka ndani ya gari ni bora kuliko kuishi kwenu, wala siamini kwamba ni upuuzi. Anayepita nchi polepole, akalala pwani, nyikani na milimani, aweza kuijua kuliko aliyeisoma ramanini. Lakini kipimo cha safari yake si kilometa. Ni hali ya mahali alipolala, baada ya yeye kuondoka.

MASWALI

1. Watu 3 na mbwa mmoja wa kilo 30 wanakwenda siku 5 katika joto kali. Kwa kufuata hesabu ya somo hili, wabebe lita ngapi za maji, nazo zina uzito gani?

2. Pwani ina nyuzi 32. Dodoma iko kiasi cha meta 1,120 juu ya bahari. Kadiria joto lake. Kwa nini siku nyingine joto halisi la mchana huko Dodoma hupita makadirio hayo?

3. Eleza kwa nini mbwa asafiriye kwa gari aweza kueneza kichaa cha mbwa mbali kuliko mbwa wa kijijini. Tumia mfano wa Pemba.

4. Mdogo wako ameumwa na mbwa saa kumi jioni. Andika kwa mpango mambo utakayoyatenda tangu dakika ile mpaka kesho yake.

5. Hesabu mbwa wote wa mtaa wenu, kisha uulize wangapi wamechanjwa mwaka huu. Je, wamefika 70 katika kila 100?